Barua ya Wazi kwa Wakurugenzi wa Vipindi vya Televisheni

Waheshimiwa,

Yah: OMBI LA KUMPELEKA BWANA MSA ISTANBUL

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote, nawashukuru. Kwa jitihada zenu mama zetu wanaujua ukoo mzima wa matajiri wa Istanbul: nani kazaa na nani, nani kaficha wosia. Vijana wanaoziingizia tamthilia hizo za Kituruki sauti za Kiswahili nao wanajua kazi. Yule mzee mwenye masharubu siku hizi anafoka kama mtu wa Kariakoo.

Kuhusu kutozipiga picha riwaya zetu, sababu zenu nazifahamu: hadithi hakuna, na zikiwepo bajeti hakuna. Sibishi. Naleta mpango. Tuzitafsiri kwa Kituruki, Waturuki wazipige picha, kisha nyinyi mzinunue kwa dola na kuziingizia sauti za Kiswahili. Kila mtu atakula.

Tuanze na Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, ya mwaka 1960. Maiti inakutwa mzimuni. Wengine na watishike. Mpelelezi Bwana Msa anajaza kiko chake, anauliza maswali, na sahibu yake Najum anabaki kushangaa. Hakuna helikopta wala gari la kulipua, kwa hiyo gharama kubwa ni tumbaku. Ila Unguja ipo karibu mno, na cha karibu hakipigiki picha. Basi na awe Msa Bey, azungumze kando ya Bosphorus.

Willy Gamba wa Elvis Musiba sitawasumbua naye. Kachero anayefuata maadui hadi Kinshasa atawamalizia nauli.

Lakini Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka 1980, imewapitaje? Bwana Maksuudi, mwanasiasa mwenye mali, anamfungia binti yake Maimuna ndani kwa jina la heshima, ilhali huko nje yeye mwenyewe heshima hiyo haijui. Yupo na Kazija, anayemtegea mtego mpaka baba na mwanawe wa kiume wanakutana nyumbani kwake. Rudieni kuisoma sentensi hiyo. Hapo ndipo muziki unapopanda, picha inaganda, na nyinyi mnatuwekea tangazo la sabuni! Maimuna naye anatoroka, anaangukia maisha ya baa, anaimba. Mnataka nini tena?

Msiniambie hakuna watazamaji. Kenya, vikundi vya maigizo huzunguka shuleni vikicheza vitabu vya mtihani. Jukwaa ni sakafu ya bwalo, meza za kulia zimesukumwa ukutani, na wanafunzi wanalipa kiingilio kuona kisa ambacho mwisho wake wanaujua kwa moyo.

Wala msiseme haijawahi kufanyika. Amil Shivji aliichukua Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, akaipiga picha Zanzibar kwa Kiswahili, na mwaka 2021 ikaonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Toronto. Watu wa Kanada wakakaa kimya wakiwafuatilia Denge na Yasmin, tena bila sauti ya Kituruki hata moja. Utovu wa nidhamu huo sijui nani aliuruhusu. Na bwana huyohuyo Shafi ana Kuli, yenye bandari ya Unguja na mgomo wa mwaka 1948. Msipoangalia, kuna mtu ataichukua nayo.

Mkiona safari ya Istanbul ni ndefu, ipo njia ya mkato. Nunueni nakala moja ya Utengano kwa fedha za chai ya kikao kimoja. Mlipeni mwenye haki ya kitabu, mpeni mwandishi wa skripti aliyekisoma, si aliyesimuliwa, na muanze na siku ile ya Kazija. Mdhamini wa sabuni nitamtafuta mimi.

Wenu mtiifu,
Mtazamaji