Sifa za kikoa kilichobanwa

Washairi wamesifu mwezi, wamesifu jahazi, wamesifu hata tambuu. Sijamwona aliyeisifu x ≥ 0, ile inayoandikwa pembeni ya fankisheni kama mtu aliyechelewa kikao. Mimi nilipokuwa kidato cha tano ilininyima alama mwaka mzima, kwa hiyo ninayo haki ya kuiimba.

Sifa yake kuu ni kuleta amani. Chukua fankisheni ya kuzidisha namba kwa yenyewe. Huingia 3, hutoka 9. Huingia −3, hutoka 9 yuleyule. Sasa muulize 9 baba yake ni nani. Kesi! 3 anafika na ukoo wake, −3 na wake, kila upande una mashahidi, na mashahidi wote wanasema kweli. Kinyume cha fankisheni hakitaki baba wawili. Ndipo kikoa, yaani namba zinazoruhusiwa kuingia, kinapobanwa: namba hasi zote, hata zile zinazosugua bega na sifuri, zinafungiwa nje, 3 anatangazwa baba, kipeuo cha pili kinapata ajira, kikao kinafungwa kwa dua. Kwa sini ni balaa zaidi. Nyuzi 30, 150, 390, 510, zote hutoa 0.5 na foleni haina mwisho. Ibane kati ya −90 na 90, anabaki 30 peke yake. Ipe kalkuleta 150, tafuta sini, kisha irudishe ilikotoka: itakujibu 30 bila haya.

Tena inawapa wasahihishaji pa kukatia alama.

Lakini −3 alikosa nini? Hisabati haina upendeleo: bakiza hasi, fukuza chanya, kinyume kitapatikana vilevile. Anayechagua ni mwenye chaki.

Nilifundisha shule moja ya kulipia. Kabla ya usajili wa mtihani wa kidato cha nne ilibandikwa orodha: wenye wastani chini ya 45 wakatafute shule nyingine, au wafanye kama watahiniwa wa kujitegemea. Ada walishalipa! Matokeo yalipotoka, langoni likaning'inizwa bango: ufaulu asilimia 100. Wazazi walipiga nalo picha.

Binti mmoja katika wale waliotolewa alikuja kunionyesha matokeo yake. B ya hisabati. Angepata A, alisema, ila kwenye swali la kinyume alisahau kuandika x ≥ 0.