Ombi la Kiti Nusu: Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Utamaduni, Kismayu

Waheshimiwa,

Nawapongeza kwa kutuepusha na makumbusho ya utumwa. Nimeizuru ile ya Mkunazini, Unguja, palipokuwa na soko la watumwa hadi 1873, nikaona wenzetu wanavyojisumbua. Wamechimba shimo, ndani yake sanamu tano za watu waliofungwa mnyororo shingoni. Mgeni analipa kiingilio, anainama kuingia vyumba vya chini, anatoka kimya. Watoto wa shule ndio wabaya: wanauliza maswali.

Na sisi tungeonyesha nini? Bahari ilipofungwa kwa biashara ya watumwa, misafara yake ilipanda kwa miguu kufuata pwani hadi huku kwetu Somalia, mpaka Sultan Barghash wa Unguja alipoipiga marufuku nayo 1876. Wazigua walioletwa utumwani kulima bonde la mto Shabelle walitoroka, wakajificha katika msitu wa mto Juba, wakajenga vijiji vyao Gosha. Mbung'o ndio waliokuwa askari wao, maana mfugaji hathubutu kupitisha ng'ombe pale. Miaka ya 1930 Wataliano wakaenda kuwakusanya wajukuu kwa nguvu wakalime mashamba yao ya ndizi. Utumwa ulikuwa umeshakatazwa, kwa hiyo ile ikaitwa kazi. Hadi leo Kizigua kinazungumzwa huko, na mtu wa Handeni, Tanzania, kwenye asili yao, angeelewana nao.

Lakini nisiwadhulumu, hazina mnayo, tena haijaingia vumbi. Kuna mtu kuitwa "jareer" kwa sababu ya nywele zake ngumu, akiwa amesimama hapo hapo anasikia. Kuna na ile hesabu ya 4.5 ya kugawana viti vya bunge, iliyotoka mkutano wa Arta, Djibouti, mwaka 2000: koo nne kubwa, kila moja fungu zima, sisi wengine, Wabajuni wa Chula na Koyama, Wagosha na wenzetu, tugawane nusu. Katiba ya Marekani ya 1787 ilimhesabu mtumwa kuwa sehemu tatu kati ya tano za mtu, ubadhirifu mtupu! Nyinyi mmebana matumizi: nusu moja kwa kaumu zote. Halafu Wamarekani hao hao, walipoanza kuwapokea wakimbizi wa Gosha kwa maelfu miaka ya 2000, wakamhesabu kila mtu kuwa mmoja. Sijui waliona nini.

Ombi langu ni dogo. Fungueni chumba kimoja tu, mweke kiti cha mbunge kilichokatwa msumeno katikati, miguu miwili. Mgeni wa heshima akaribishwe akikalie wakati hotuba zinasomwa, na hotuba zisifupishwe.

Kuhusu kiingilio, nadhani sisi tutatozwa nusu. Naulizia mapema tu, kwa sababu ushuru wa samaki tunaulipa mzima.

Wenu mtiifu,
Nusu Mwananchi,
Kismayu