Mwongozo wa Mvivu Mwenye Kuku Mia Mbili

Kama una kuku 200 wa mayai na hupendi kubeba viroba, karibu tukae. Mimi ni wa kundi lako. Nitakuonyesha njia za mkato, na zote nimezipita kwa miguu yangu. Utamdanganya panya, utaudanganya unyevu, utamnyima mchuuzi nafasi ya kukulaghai, na sifa zako utazilisha kwa bei nafuu. Kuku peke yao hatutawagusa. Ukimpunja kuku leo, keshokutwa anakupunja trei.

Kwanza, kubali kwamba unapenda kuonekana. Sote tunapenda. Pikapu ikipiga honi getini, watoto wakakimbia, jirani akasimama na ndoo mkononi kuhesabu magunia, moyo unatulia. Usiiue raha hiyo, ihamishe tu. Jionyeshe kwa mahindi.

Ngoja Julai, mavuno ya Nyanda za Juu Kusini yakishateremka na bei ikalegea, ndipo uite pikapu. Nunua mahindi ya punje nzima, mengi kadiri mfuko unavyoruhusu, na uyashushe mchana kweupe. Chakula kilichokwisha kuchanganywa nunua cha wiki mbili tu, ukilete jioni kwa bodaboda, bila shangwe. Punje nzima ina ganda lake na ndani yake bado kuna uhai. Ikiwa kavu inakuvumilia miezi. Ukishaisaga, ukaichanganya na mashudu ya alizeti na dagaa, mafuta yanakutana na hewa, vitamini zinaanza kupotea, na joto la Pwani halikusubiri. Kiroba cha mchanganyiko kikipita mwezi stoo, kuku wanakinusa kabla yako.

Hesabu yake ni nyepesi. Kuku wa mayai anakula gramu 120 hivi kwa siku. Kuku 200 ni kilo 24, yaani kiroba cha kilo 50 kinakatika siku mbili. Kwa mwezi ni kilo 720. Mahindi yakiwa nusu ya mchanganyiko, unahitaji kilo 360 kwa mwezi. Akiba ya miezi mitatu ni magunia 11 ya kilo 100. Hapo una kitu cha jirani kuhesabu.

Sasa twende sokoni. Chukua vitu vitatu: mizani ndogo ya kuning'iniza, glasi, na chupa kavu ya kioo yenye mfuniko na chumvi kidogo. Utaonekana mtu wa ajabu. Vizuri. Mchuuzi akimwona mtu wa ajabu anapunguza mchezo.

Glasi ni ya pumba na dagaa. Jaza maji, tia konzi moja, koroga, ngoja. Pumba itaelea, mchanga utazama. Ukiona tabaka la kijivu chini, usigombane. Mwonyeshe glasi kwa upole, "Mama, huu mchanga na wenyewe naununua kwa kilo?" Mara nyingi atatoa gunia jingine kutoka nyuma, na hilo la nyuma ndilo ulilolifuata. Mizani nayo inakata maneno ya lumbesa na ya debe lililobonyezwa tako. Lumbesa imepigwa marufuku kisheria, lakini sheria haiwezi kusimama nawe kila gulio, mizani inaweza.

Chupa ya chumvi ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Anika chumvi juani mpaka iwe kavu kabisa. Tia mahindi theluthi ya chupa, ongeza vijiko viwili vya chumvi, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha iweke chini robo saa huku ukipiga soga. Iangalie kwenye mwanga. Chumvi ikiganda kwenye kuta za kioo kama umande, mahindi yana unyevu uliozidi asilimia 15. Yaache, hata muuzaji akiapa. Ikiteremka yote ikaacha kioo kitupu, nunua. Ukifika nyumbani yaanike tena siku moja juu ya turubai, maana kiwango cha kuhifadhi ni asilimia 13.5 au chini ya hapo, na chupa haioni tofauti hiyo ndogo.

Ninakazania unyevu kwa sababu umenigharimu. Mwaka mmoja nilisikia bei itapanda, nikanunua viroba 20 vya mchanganyiko kabla ya masika, nikavipanga sakafuni, vimegusa ukuta. Viroba vya juu vilikuwa sawa. Vya chini vilishikana kama tofali, na ndani vilikuwa na vumbi la kijani. Nilivunja mabonge, nikaanika, nikawapa kuku na bata. Vifaranga wa bata walitangulia kufa. Kuku walibaki, ila trei zilipungua na hazikurudi haraka.

Lile vumbi ni kuvu, na sumu yake tunaiita sumukuvu. Kugunduliwa kwake kulianzia kwenye chakula cha mifugo: mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza, na uchunguzi ukafika kwenye mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil. Watu nao inawaua. Kenya mwaka 2004 ilipoteza watu 125 kwa mahindi yaliyoota kuvu, na mwaka 2016 msiba uleule ulifika Dodoma na Manyara. Kuanika hakuiondoi, kupika hakuiondoi, na ng'ombe akiila, sehemu yake inatokea kwenye maziwa anayokunywa mwanao.

Kwa hiyo jifunze kushindwa kwa adabu. Kiroba kikiota kuvu umeshindwa, basi shindwa mapema, kwa kiroba kimoja. Usikichanganye na kizuri ili kionekane kidogo. Usimpe jirani kwa nusu bei, wala usimwagie mbwa. Chimba shimo, fukia, nawa mikono, nenda kalale. Hasara ya kiroba inasahaulika kabla mwezi haujaisha.

Stoo yenyewe ipange ili uvivu wako ukufanyie kazi. Weka chaga za mbao, ziinue magunia shubiri moja kutoka sakafuni, maana saruji hunyonya maji ardhini na kuyapandisha. Acha nusu mita kati ya magunia na ukuta. Usiku ukuta hutoa jasho, na njia hiyo ni ya paka. Angalia bati alfajiri, kama linadondosha matone funga dari hata ya magunia matupu. Panya mdogo hupita kwenye tundu la upana wa kalamu, basi ziba na wavu wa chuma. Chakula ulichokwisha kukifungua kihamishie kwenye pipa lenye mfuniko.

Na andika tarehe kwenye kila kiroba kwa wino mzito. Mtu aliyechoka huchukua kiroba kilicho karibu na mlango. Ndivyo tulivyo, wewe, mimi na kijana wako wa kazi. Usipambane na tabia hiyo. Kila mzigo mpya upeleke nyuma, wa zamani uvute mlangoni, na uchovu utawalisha kuku kwa zamu iliyo sahihi.

Mahindi ya akiba yatie kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ile ya tabaka tatu ambayo wengi tunaiita PICS. Kamua hewa, funga kila tabaka peke yake, kisha usiifungue kila siku kuchungulia. Fukusi na dumuzi waliomo ndani wanamaliza hewa wenyewe na kufa, bila dawa. Dumuzi usimdharau: alitoka Amerika ya Kati, hapa Tanzania akaonekana kwanza Tabora, na meno yake yanatoboa hata mbao. Ila mfuko huo haukaushi kitu. Ukitia mahindi mabichi, utafungua uozo.

Kazi moja imebaki, na siwezi kukupunguzia. Mara mbili kwa wiki, kabla ya chai, ingia stoo, kunja shati, zamisha mkono ndani ya gunia la katikati, lile ambalo hukulifungia kwenye PICS, mpaka kwenye kiwiko. Ngoja kidogo. Mkono ukipoa, funga uende zako. Ukihisi joto kama la mwili wako, toa lile gunia nje sasa hivi, limwage juu ya turubai, na chai itakusubiri.