Kwa Heshima ya Mkweche

Jirani yangu huku Goba amenunua gari jipya la kifahari. Kampuni sitaitaja, gari lenye kila kitu humo ndani huenda lina hata wakili. Vitasa vyake vimejificha mlangoni vikisubiri amri, viti vinamkanda mgongo, shokapu ni mifuko ya hewa. Mimi nina Corolla 110. Nimeona niisifu mwenyewe, maana sijaona mwingine aliyejitokeza.

Kwanza ukoo. Corolla ya kwanza ilitoka Japani mwaka 1966, na hii yangu ni ya kizazi cha nane, kilichoanza mwaka 1995, kwa hiyo makonda wengi wa mjini wanapaswa kuiamkia. Injini yake ya lita 1.5 fundi yeyote wa Gerezani anaifungua huku akibishana habari za Simba na Yanga. La jirani likiwasha kitaa cha njano haliongei na fundi mpaka lichomekewe kompyuta. Kompyuta ina mwenyewe, na mwenyewe yuko safarini. Langu likiumwa linasema lenyewe, mtaa mzima unasikia.

Sasa fedha. Kamati za harusi hutazama gari kabla ya kuandika kadi ya mchango. Jirani kaletewa kadi tatu ndani ya wiki moja, na kwenye mojawapo wamemfanya mwenyekiti. Mimi walinikuta nimetoa mkono dirishani nifungue mlango kwa nje (kitasa cha ndani nilikivunja mwenyewe, kwa hasira ambazo gari halikuhusika nazo). Wakanyamaza. Mmoja akaniuliza kama nimekula. Kwa michango niliyoepushwa tu, mkweche huu umeshajilipa. Wala hauazimwi: shemeji aliuazima mara moja, akaurudisha akiusukuma, na tangu siku ile anapanda daladala kwa hiari yake.

Hapo kwenye kusukuma ndipo gari la kifahari linapoachwa mbali. Jirani hupita vioo vyeusi vimepandishwa, hajui hata jina la kijana anayemfungulia geti. Mimi namjua mama wa chapati, bodaboda wote wa kijiweni na ustadhi wa madrasa, kwa kuwa kila mmoja ameshawahi kuweka bega kwenye buti langu. Mama wa chapati ana nguvu kuliko wote. Najua pia mwanawe yuko kidato cha ngapi, maana tuliongea huku akisukuma. Betri mpya nimeahidi kununua mwisho wa mwezi. Sikutaja mwezi upi, na sioni sababu ya kuharakisha kuvunja undugu.

Basi ndugu msomaji, ukinikuta saa kumi na mbili asubuhi nimetulia nyuma ya usukani, dirisha wazi, natabasamu, usinipigie honi. Shuka. Yanatakiwa mabega mawili tu mpaka mteremko uanze; gia ya pili nitaweka mwenyewe.