Kabla Hujaandika Kitabu cha Uongozi, Pita Mtaa wa Kongo

Umeuza kampuni yako ya programu, umeweka pesa kwenye kampuni changa tatu, na sasa kila mtu anakwambia uandike kitabu cha uongozi. Hongera, bosi. Andika. Ila kabla hujafungua kompyuta, vua koti, acha gari Mnazi Mmoja, uingie Kariakoo, Dar es Salaam, kwa miguu.

Ukifika Msimbazi usiulize njia. Haitapita dakika, winga atakuwa ameshakufikia: "Bosi karibu, unatafuta nini? Simu, viatu, mapazia?" Mfuate. Kijana huyo hana fremu, hana mzigo, hana hata kiti cha kukalia. Anachojua ni nani ana nini, ghorofa ya ngapi, na bei ya mwisho ni ipi. Anakupeleka dukani, anakutajia bei, na kinachozidi juu ya bei ya mwenye duka ndiyo riziki yake. Mwangalie anavyokusoma: viatu kwanza, kisha saa, kisha uso, ndipo mdomo ufunguke. Utafiti wa soko unaoulipia mamilioni, yeye anaumaliza kabla hujavuka barabara.

Sasa omba ukae nyuma ya kaunta ya duka la jumla, saa nzima, kimya. Mteja wa mkoani anaingia. Anachagua vitenge, vinafungwa kwenye kiroba, anatoa nusu ya pesa. Nusu iliyobaki ni mali kauli. Mwenye duka anafungua kaunta buku lililokwisha pembe, anaandika jina, kiasi na tarehe, analifunga. Hakuna mwanasheria wala dhamana. Mteja akilipa, safari ijayo anapewa zaidi; akikimbia, habari zake zitamtangulia kila duka atakaloingia. Sura yako ya uaminifu ianzie kwenye daftari hilo.

Niliwahi kukaa na vijana waliotengeneza programu ya kuhesabia mzigo. Walikesha nayo miezi mingi, imependeza, ina rangi zake. Siku walipoileta Kariakoo, mama mmoja mwenye duka aliipekua, kisha akauliza, "Wanangu, mali kauli naandika wapi?" Hapakuwa na pa kuandika. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Kuuliza mapema ni kazi ya kiongozi, na ukiichelewesha utaifanya kwa gharama kubwa. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka kwa malalamiko ya kodi na kamatakamata, hadi Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaja kuwasikiliza Mnazi Mmoja. Liandike hilo pia.

Kisha jifunze kwa marehemu Ali Mufuruki. Mzaliwa wa Bukoba, mhandisi aliyesomea Ujerumani, alianzisha kampuni ya Infotech, akawa mwekezaji, akaongoza bodi ya Vodacom Tanzania na jukwaa la wakurugenzi wakuu wa kampuni nchini. Wengine walipokuwa wanashangilia kwamba Afrika inainuka, yeye alisimama jukwaani London akahoji kama kweli inainuka. Mwaka 2017, yeye na wenzake watatu walitoa kitabu kuhusu safari ya miaka 40 ya kuifanya Tanzania nchi ya viwanda. Hakuishia kulalamika, alikaa chini akapiga hesabu. Alifariki Desemba 2019, na pengo lake bado tunaliona.

Lakini kitabu hicho kiliandikwa kwa Kiingereza. Vivyo hivyo kile cha mfanyabiashara Reginald Mengi cha mwaka 2018, chenye kisa cha mtu aliyeanza kwa kuunganisha kalamu za wino nyumbani kwake. Kisa hicho ni cha Kariakoo kabisa! Kijana anayepanga soksi juu ya turubai pale Mtaa wa Kongo angekielewa kuliko profesa yeyote, na ndiye anayekihitaji zaidi. Hili linaniuma, nalisema wazi.

Kwa hiyo, bosi, andika kwa Kiswahili. Sema mtaji, sema hasara, sema kilemba ulicholipa kupata fremu, sema namna ulivyomkosea mshirika wako ukaomba radhi. Kitabu kiwe chembamba, kiingie mfuko wa nyuma wa suruali. Nakala za kwanza zilete Mtaa wa Kongo, umtafute winga yule yule. Mtajie bei yako. Kinachozidi ni chake.