Karibu Singida, Una Dakika Kumi

Vitabu vya watalii humwambia mgeni wa Tanzania kila kitu: viza ya kawaida dola 50, Mmarekani 100, mifuko ya plastiki aiache kwao, ilipigwa marufuku Juni 2019, plagi ni za pini tatu, kama Uingereza. Kisha humpeleka moja kwa moja Arusha. Singida wanairuka, na siwalaumu. Hata sisi wenyewe tunaijua kupitia dirisha la basi la Mwanza.

Basi mgeni, chukua yasiyoandikwa. Konda akitangaza kuchimba dawa, usiulize inatibu nini. Shuka. Dakika zake kumi hutegemea dereva amemaliza supu au bado. Ukirudi kitini utakuta paja la kuku wa kienyeji limekusubiri dirishani, na bei yake imeshakutazama usoni. Usilidharau kwa wembamba: kuku huyu amekimbia maisha yake yote, tena dhidi ya upepo wa Singida. Tafuna taratibu, Nzega bado mbali. Ukinunua na galoni la mafuta ya alizeti, kaza mfuniko mwenyewe. Begi la jirani halina bima.

Ukiwa na siku nzima, teremka kabisa. Maziwa Singidani na Kindai yako mjini hapo hapo, na maji yake ya chumvi, majabali, na flamingo ukibahatika. Piga picha. Ukifika Dar, waonyeshe wenyeji wako. Watakuuliza hapo ni Kenya sehemu gani.