Daktari wa Hedifoni, Barabara ya Luthuli

Hedifoni zako zisizo na waya zikigoma kuchaji, usihofu: barabara ya Luthuli jijini Nairobi imejaa madaktari. Imepewa jina la Albert Luthuli, Mwafrika wa kwanza kupata Nobeli ya Amani, ile ya mwaka 1960, na huenda ndiyo maana wateja hawarushi ngumi. Fundi huzipokea, huzigeuza, huzipuliza, kisha hutoa hukumu: “Boss, betri imekufa.” Hajagusa hata skrubu.

Ugonjwa wenyewe aghalabu ni wa bei ndogo mno kumfaa. Labda tundu la chaji limezibwa na vumbi la mfukoni. Au unatumia chaja mpya, ile ambayo waya wake una mdomo wa USB-C huku na huku. Chaja hiyo haitoi umeme mpaka ihisi rezista mbili ndogo ndani ya kifaa, nazo viwanda vingine vya bei ya chini huziacha ili kuokoa senti. Chomeka waya wa zamani, wenye mdomo bapa wa USB-A upande wa chaja, na maiti hufufuka. Zilizolala kabatini miezi mingi nazo zipewe nusu saa kwenye chaji kabla ya tanzia kutangazwa.

Muuzaji, bila shaka, aliapa ni “orijino kabisa”. Waranti yake iliishia mlangoni.

Basi safisha tundu, badilisha waya. Ukilazimika kwenda kwa fundi, mwambie afungue mbele yako.